Mlo wa Jumapili Uingereza: baa ya mtaani, carvery au gastropub?

Ukikaa Uingereza miezi michache tu, mtu wa kazini atakuuliza kama umeshakula Sunday roast. Ukisema bado, atakutajia baa yake. Wa meza ya pili atadakia kwamba ile siku hizi imechuja, heri uende ile ya karibu na kanisa. Mara watakuwa wanabishana wao kwa wao na wewe wamekusahau. Ubishi wenyewe una sababu: mlo huu mmoja unauzwa katika sehemu za aina tatu, na anayeipenda moja kwa kawaida haziwezi nyingine mbili.

Sahani yenyewe haina siri. Nyama inaokwa kipande kizima kwenye oveni, kisha inakatwa vipande vyembamba: ya ng'ombe, kondoo, nguruwe au kuku. Kuna viazi vya kuoka, na mboga mbili tatu kama karoti, kabichi na brokoli, au parsnip wakati wa baridi, ule mzizi mweupe wenye utamu kuliko karoti. Juu yake Yorkshire pudding, kitu cha unga na mayai kilichofura kama bakuli, halafu mchuzi wa kahawia unamwagwa juu ya vyote. Pilipili hakuna. Nasema mapema ili asiwepo wa kulalamika mezani.

Baa ya mtaani ni ile yenye bango la picha nje, simba mwekundu au taji au jembe la kukokotwa na farasi, na wateja wake wengi wanafika kwa miguu. Carvery ni mgahawa wa kampuni kubwa kando ya barabara kuu, wenye maegesho mapana. Toby Carvery ndiyo inayojulikana zaidi. Pale unapanga foleni na sahani yako, mpishi anakukatia nyama mbele ya macho yako, viazi na mboga unajipakulia. Gastropub ni baa ambayo mpishi ndiye ameshika usukani. Mtindo huo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia The Eagle ya Farringdon Road, London, iliyochukuliwa na Michael Belben na David Eyre mwaka 1991, wakapika chakula cha maana pale pale kaunta huku meza na viti vikiwa vya kuokoteza. Watoto wa mtindo huo leo wana viti vya bei mbaya.

Mimi ni mtu wa baa ya mtaani. Hata hivyo kuna Jumapili ambazo ningekushauri upite mbele ya mlango wake bila kugeuza shingo, na nitazitaja.

Viazi kwanza

Nyama inawavuta watu, lakini kiazi ndicho kinachotoa siri ya jiko. Kinatakiwa kiwe kiazi cha unga, Maris Piper au King Edward. Kinachemshwa hadi kiive nusu, maji yanamwagwa, sufuria inatikiswa mpaka kingo za viazi zichubuke, halafu vinatiwa kwenye trei yenye mafuta yaliyokwisha kuwa moto sana. Zile kingo zilizochubuka ndizo zinazogeuka gamba. Kiazi kikitoka oveni kina muda mfupi wa kuwa kitamu. Kikilala chini ya taa ya kupashia moto, gamba linalegea na kuwa kama ngozi.

Hapo carvery ina udhaifu wake na dawa yake. Viazi vyake vinakaa kwenye trei chini ya taa, kwa hiyo ukifika saa ambayo watu ni wachache utakula vilivyochoka. Foleni ikiwa imefika mlangoni, furahi: trei inaisha na kubadilishwa kila mara, na ukiwa na subira ya kumpisha mtu mmoja mbele yako utapata ile iliyotoka jikoni sasa hivi. Gastropub ndiyo inayokaanga na kuoka kwa makini zaidi, mara nyingi kwa mafuta ya ng'ombe au ya bata bukini, na kiazi chake kikivunjwa kinasikika. Shida ni hesabu. Utapewa vitatu, labda vinne, na kuomba nyongeza pale ni kuagiza sahani ya pembeni yenye bei yake. Baa ya mtaani iko katikati: viazi vinaokwa kwa mafungu tangu asubuhi, na kama mhudumu anakufahamu, vitaongezeka bila neno.

Yorkshire pudding nayo ina mashabiki wakali. Ni uji mwepesi wa unga wa ngano, mayai na maziwa, unaomiminwa kwenye mafuta yanayotoa moshi. Joto ndilo linaloupandisha. Hannah Glasse alichapisha maelekezo yake kwa jina hilo mwaka 1747. Zamani ililiwa kwanza, na mchuzi wake, ili matumbo yatulie kabla ya nyama iliyokuwa kidogo. Mama yeyote aliyewahi kugawa nusu kilo kwa watu tisa anaielewa akili hiyo bila kufafanuliwa. Wenye msimamo mkali husema huandamana na ng'ombe peke yake. Baa nyingi leo zinaiweka juu ya kila sahani, hata ya kuku, na sijaona mteja akiirudisha jikoni.

Nyama, na lile suala la damu

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Nyama ya ng'ombe ya Jumapili, hasa kwenye gastropub, huletwa ikiwa nyekundu katikati. Yale maji mekundu kwenye sahani si damu, ni myoglobini, protini ya kwenye misuli. Lakini maelezo hayo hayajawahi kumfanya baba mkwe kutoka Singida amalize sahani yake. Kama unamchukua mtu aliyezoea nyama iliyoiva barabara, carvery inashinda bila ushindani. Unasimama mbele ya mkataji, unamwonyesha kwa kidole kipande cha pembeni chenye rangi ya kahawia, naye anakukatia hicho. Unachanganya pia, ng'ombe kidogo na bata mzinga kidogo, kazi ambayo baa ya kawaida itaifanya tu kama ina sahani ya mchanganyiko kwenye menyu.

Baa ya mtaani inaleta sahani imeshapangwa. Unachoweza kufanya ni kuomba wakati wa kuagiza: sema unataka kipande cha mwisho, kile kilichoiva zaidi. Kila mnofu una ncha mbili, na Waingereza wengi wanaziacha. Gastropub watakukubalia kwa adabu, ila wamekwisha kulipa fedha nyingi kwa nyama ya mfugaji fulani aliyetajwa kwenye menyu, na kuikausha kwako kunawauma. Binafsi, gastropub ningeagiza kondoo. Bega la kondoo lililokaa kwenye moto mdogo saa nyingi halina ubishi wa rangi, linaachana na mfupa lenyewe, na mtu wa mbuzi hatajiona yuko ugenini.

Kila nyama ina mwenzake kwenye kibakuli: ng'ombe na horseradish, mzizi mkali unaopanda puani, kondoo na sosi ya nanaa, nguruwe na sosi ya tufaha. Horseradish ndiyo itakayokuokoa kama umeikosa pilipili. Carvery vibakuli vyote viko wazi, unajipimia. Kwenye baa unaomba, na usione haya, kwa sababu mhudumu huwa amesahau tu.

Nguruwe akiletwa, itazame ngozi yake. Ikiwa imekauka na kuvimba vipovu, kula kwanza hiyo. Ikiwa imelegea kama mpira, iache pembeni.

Saa ndiyo inayoamua

Kama makala hii ina ushauri mmoja wa kukata na shoka, ni huu: nyama hii inaokwa asubuhi, mara moja, kwa idadi ya watu wanaotarajiwa. Haipikwi upya kwa ajili yako. Baa ya mtaani inaanza kuigawa saa sita mchana, na saa kumi au kumi na moja jioni jiko linafungwa, kama nyama haijaisha kabla. Atakayekaa mezani saa saba na atakayekaa saa tisa na nusu hawali chakula kile kile hata kama bei ni moja. Wa pili anapata nyama iliyokauka, kabichi iliyopoteza rangi, na habari kwamba kondoo ameisha.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Hadi mwaka 1995 sheria ya England na Wales ilizilazimisha baa kufunga Jumapili kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku. Wazee unaowaona wamekwisha kufuta midomo saa saba na nusu wamelelewa na saa hizo.

Sasa fikiria ratiba ya Jumapili yetu. Ibada ya Kiswahili inaanza saa tano wakati tangazo linasema saa nne, mahubiri, sadaka, matangazo, salamu za wageni, na saa tisa bado watu wamesimama nje wanaagana. Ukiwapeleka hao baa ya mtaani, mtakula chipsi. Kwa jamaa wa kutoka ibadani, tena wakiwa kumi na watano, carvery ndiyo jibu, kwa kuwa inaendelea kuoka na kukata hadi usiku. Gastropub ni mbaya kuliko zote kwa kundi la namna hiyo: wanataka uweke nafasi mapema, mara nyingine na amana kwa kila kichwa, na meza wanakupa kwa saa mbili.

Jihadhari pia na Siku ya Mama. Ya Uingereza haiangukii Mei. Ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, kwa hiyo huwa Machi au mapema Aprili. Siku hiyo hata baa isiyojulikana imejaa, na usipoweka nafasi wiki kadhaa kabla, pika nyumbani.

Mfuko

Kwa makadirio ya miaka hii, carvery siku ya Jumapili itakutoa pauni 11 hadi 15, nafuu zaidi siku za katikati ya wiki. Baa ya mtaani ni pauni 15 hadi 22. Gastropub huanzia 22 na London inavuka 30 bila kupepesa jicho. Ongeza kinywaji, maana glasi kubwa ya bia, mililita 568, ni pauni 5 hadi 7 kutegemea mji. Gastropub nyingi za London huongeza asilimia 12.5 ya huduma kwenye bili. Hiyo ni hiari, unaweza kuomba iondolewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote bila kuimega. Kwenye baa ya mtaani unakoagiza na kulipa kaunta, hakuna anayetegemea bakshishi, ingawa kumwambia mhudumu ajinunulie kinywaji ni ungwana unaokumbukwa.

Kwa thamani ya pauni, mwenye njaa ya kweli asihangaike: carvery. Ila sahani ya kujipakulia ina mtego wake. Watu wanajenga mlima, wanaumwagia mchuzi, wakifika nusu kila kitu kina ladha moja.

Unakwenda na nani?

Mama yangu mkubwa hawezi kuingia mahali panapoitwa baa, hata ukimwapia kwamba ndani kuna vichanga na bibi wa miaka themanini anayefuma sweta. Kwake yeye baa ni baa. Carvery ina kaunta ya bia vilevile, lakini imejificha nyuma ya foleni ya chakula na viti vya watoto, na mtu wa heshima zake anakula bila kutazama huku na huku. Ukiwa na mlokole au mzee wa kanisa, usianze ubishi usioweza kuushinda. Elekeza gari huko.

Halafu kuna mbwa. Baa nyingi za mtaani zinawakaribisha mbwa, na Jumapili wanakuja kweli, wamelowa kutoka matembezini, wanalala chini ya meza ya pili huku wakikuangalia unavyotafuna. Bakuli lao la maji liko karibu na mlango. Wenyeji hawaoni chochote. Kama wewe au mgeni wako hamuwezi kula karibu na mbwa, uliza mapema kama kuna chumba kisichoruhusu. Carvery za kampuni kubwa kwa kawaida haziwaruhusu kwenye eneo la kulia chakula.

Watoto wanaruhusiwa baa wakiwa na mtu mzima, ingawa kila baa ina masharti yake na nyingi zinawataka watoke jioni ikianza. Kuna jambo litakalowashtua wazazi: kijana wa miaka 16 au 17 anaruhusiwa kisheria kunywa bia, divai au saida (pombe ya tufaha) pamoja na mlo wa mezani, mradi yuko na mtu mzima na huyo mtu mzima ndiye aliyenunua. Mwanao analijua hilo kabla yako.

Asiyekunywa pombe hana shida popote. Lime na soda ni bei ndogo na hakuna anayekuuliza kwa nini. Anayekunywa, ajue kwamba bia ya aina ya "ale" ya kutoka kwenye pipa huhifadhiwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi. Lile swali letu la "baridi au moto?" hapa halina jibu.

Kwa Waislamu naomba niwe wazi, kwa sababu wengi hudanganyika na sahani ya mboga. Baa kwa jumla hazina nyama ya halali, na carvery kisu na ubao vinaweza kupita kutoka nguruwe hadi ng'ombe. Sahani isiyo na nyama nayo si salama moja kwa moja: viazi huenda vimeokwa kwa mafuta ya mnyama, mchuzi una supu ya mifupa au divai, na hata samaki wa kukaanga mara nyingi amechovywa kwenye unga uliokorogwa na bia. Wasabato wana sehemu ya mashaka hayo hayo. Uliza, tena uliza jikoni. Sheria inaitaka baa ikuambie kama chakula kina chochote kati ya vizio 14 (vitu vinavyoleta mzio) vilivyoorodheshwa, lakini pombe na mafuta ya nguruwe havimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo karatasi ya mzio haitakusaidia.

Kwa familia ya namna hiyo ningeacha aina zote tatu na kuwasha oveni nyumbani. Nunua bega la kondoo la kilo mbili hivi kwa mchinjaji wa halali, lichome kwa kisu, pachika vitunguu saumu na rosemary, lifunike, liache kwenye nyuzi 160 kwa saa nne. Nanaa ukiikatakata na kuitia maji ya moto kidogo, sukari na siki, sosi imekwisha. Watu sita wanashiba, na pilipili unaweka utakavyo. Ambacho huwezi kukioka nyumbani ni watu wa mtaa. Jirani uliyekaa naye mwaka mzima mkipungiana mikono tu, baa atavuta kiti na kukwambia fundi gani wa bomba ni mwaminifu.

Na hiyo ndiyo sababu narudi baa ya mtaani nikiwa peke yangu au na mwenza mmoja, nimefika mapema, sina haraka. Carvery inanilisha vizuri zaidi kwa pauni ile ile, gastropub inanipikia vizuri zaidi, lakini zote mbili hukuhesabia muda kwa namna yake. Baa ukimaliza kula unabaki na gazeti hadi giza, na sahani yako tupu inaondolewa bila bili kuwekwa pale ilipokuwa.

Kuichagua baa yenyewe

Mtaa mmoja unaweza kuwa na baa nne na moja tu ndiyo ya kuliwa. Tazama ubao wa chaki nje: nyama mbili au tatu ni dalili njema, menyu ya kurasa nne inayoanza na pizza na kuishia na kari ina maana friza ni kubwa. Tafuta kibandiko cha usafi kutoka Food Standards Agency, wakala wa serikali wa usalama wa chakula, alama 0 hadi 5. Wales ni lazima kukibandika mlangoni. England si lazima, kwa hiyo usipokiona, alama zao zitafute kwenye tovuti ya wakala huo, maana mwenye 5 huwa hakifichi. Chungulia ndani saa saba mchana: kama meza zina wazee wa mtaa wenyewe na sahani zao ziko tupu, umefika.

Kisha piga simu Ijumaa. Usiulize kama chakula ni kizuri, kwa sababu jibu unalijua. Uliza wanaacha kugawa saa ngapi, na nyama gani huisha kwanza. Akikujibu yote mawili bila kwenda kuuliza jikoni, weka meza ya saa sita na nusu.